Boksi Tupu, Gololi na Bahasha za Bluu

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mafundi wa kupanga kurasa za magazeti huko Skandinavia walikaribishwa kufanya kazi kwa mashine isiyokuwepo. Mbele yao paliwekwa boksi tupu la kadibodi lililoandikwa ubavuni kwamba hiyo ni printa ya leza. Ukutani ilimulikwa picha ya slaidi, na hiyo ndiyo iliyokuwa skrini. Vipande vya mbao na karatasi vilishika nafasi ya vifaa vingine vya mezani. Fundi alipoonyesha anachotaka kifanyike, mtafiti alibadilisha slaidi, na kazi ikaendelea kana kwamba kompyuta imetii. Mtu ambaye kwa miaka mingi alishika chapa za risasi kwa vidole vyake akaweza sasa kusema ni wapi haoni ukurasa mzima, ni wapi mkono wake unachoka, na ni hatua gani ya ufundi wake imesahauliwa.

Mradi huo uliitwa UTOPIA. Ulianza mwaka 1981, ukamalizika 1985, na uliwaweka pamoja chama cha wafanyakazi wa uchapaji wa nchi za Nordiki, kituo cha utafiti wa maisha ya kazi cha Stockholm, Taasisi ya Kifalme ya Teknolojia ya mji huohuo, na Chuo Kikuu cha Aarhus cha Denmark. Miongoni mwa watafiti walikuwapo Pelle Ehn, Susanne Bødker na Morten Kyng. Tatizo lililowakutanisha lilikuwa la wazi. Upangaji wa chapa za risasi, ufundi uliorithishwa kwa karne kadhaa, ulikuwa unakufa. Kompyuta zilikuwa zinaingia magazetini, na mingi ya mifumo iliyouzwa ilibuniwa na watu wasiojua ukurasa wa gazeti unazaliwaje. Fundi akabaki njia panda: aikatae mashine apoteze kazi, au aipokee apoteze ufundi.

Watafiti hawakuanza na maboksi. Walianza kama walivyofundishwa: wakachora michoro ya mtiririko wa taarifa, wakaandika maelezo ya mfumo, wakawapelekea mafundi wayasome. Mafundi wakayatazama, wakakosa la kusema. Si kwamba hawakuwa na akili ya kuyaelewa. Michoro ile haikuwa na mahali pa kuweka wanachokijua, kwa sababu ujuzi wao ulikaa katika mikono na macho. Boksi la kadibodi lilipoingia, hali ikageuka. Kila mtu alijua kwamba boksi ni boksi, kwa hiyo hakuna aliyeogopa kulikata, kulisogeza au kulitupa. Katika kitabu chake cha 1988 Ehn alieleza tukio hilo kwa msaada wa falsafa ya Ludwig Wittgenstein: watu huelewana wanaposhiriki tendo moja, na tendo la kujifanya linaweza kuwakutanisha mtaalamu wa kompyuta na fundi wa chapa ambao kwa maneno matupu wasingekutana.

Njia hiyo ilikuwa imefunguliwa Norway miaka kumi kabla. Kristen Nygaard, aliyebuni lugha ya programu ya Simula pamoja na Ole-Johan Dahl, alifanya kazi na chama cha wafanyakazi wa vyuma mwanzoni mwa miaka ya 1970, ili wafanyakazi wazielewe kompyuta zinazoletwa viwandani mwao na wawe na kauli juu yake. Nygaard alidai kauli. Watu wa UTOPIA walidai zaidi ya hapo: mfanyakazi apewe nafasi ya kuiwazia mashine ambayo bado haijatengenezwa.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu historia ya kompyuta kwa kawaida husimuliwa kama historia ya kasi, ya mashine kubwa iliyogeuka ndogo na ndogo iliyopata nguvu. Ipo historia nyingine, nami naamini ndiyo iliyo karibu zaidi na maisha ya mtumiaji. Ni historia ya watu waliochukua ubunifu wa kufikirika, uzuri na mchezo, wakavifanya kuwa njia ya kujua. Vifaa vyao vilikuwa rahisi mno: kadibodi, mbao, gololi, postikadi.

Mmoja wao alikuwa Alan Kay wa Marekani. Mwaka 1968, baada ya kuona jinsi Seymour Papert alivyokuwa akiwafundisha watoto kompyuta, Kay aliwaza kompyuta ya kubebwa mkononi kama kitabu, wakati ambapo kompyuta nyingi zilijaza chumba. Alitengeneza mfano wa kadibodi, kisha akamimina ndani yake vipande vidogo vya risasi ili ajue kifaa hicho kiwe na uzito gani ndipo mtu akubali kukibeba. Jibu lake likawa chini ya kilo moja. Karibu miaka 30 baadaye Jeff Hawkins, kabla ya kompyuta ya Palm Pilot kuingia sokoni mwaka 1996, alichonga kipande cha mbao cha ukubwa wa mfuko wa shati, akakibeba siku nzima, na kila alipohitaji kuandika miadi alikitoa na kujifanya anaandika juu yake. Mbao ile ilimfundisha mambo ambayo hesabu za mhandisi zisingemfundisha.

Hata hivyo, waliotawala fani ya kuchunguza matumizi ya kompyuta katika miaka ya 1980 walikuwa wapimaji. Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell, katika kazi yao ya Xerox huko California, waligawanya tendo la kutumia kompyuta katika vipande vidogo na kila kipande wakakipa muda wake. Kuhamisha mkono kutoka kwenye kibodi hadi kwenye kipanya: sekunde 0.4. Kuelekeza kishale mahali: sekunde 1.1. Kujiandaa kiakili kabla ya hatua inayofuata: sekunde 1.35. Kitabu chao cha 1983 kikawa nguzo. Na tusiwaonee, hesabu hizo zilifanya kazi. Zilipotumiwa kuchunguza mitambo mipya iliyokusudiwa kwa waendesha simu wa kampuni ya NYNEX, katika utafiti uliochapishwa 1993, zilitabiri kwamba mitambo hiyo, licha ya kuonekana ya kisasa, ingewachelewesha wafanyakazi. Majaribio yakathibitisha utabiri.

Lakini sekunde 1.35 haziwezi kumwambia mbunifu kama mzee aliye peke yake nyumbani anatamani kusikia sauti gani. Kazi ya waendesha simu ina lengo moja linalojulikana, nayo hupimika. Maisha hayana lengo moja. Kompyuta zilipoanza kutoka ofisini na kuingia sebuleni, mtaani na kitandani, kipimo cha kasi kikaanza kupwaya.

Bill Moggridge, mbunifu wa viwandani kutoka Uingereza, alilihisi jambo hilo kwa ngozi yake. Ndiye aliyebuni umbo la GRiD Compass ya 1982, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kukunjwa za aina tunayoijua leo. Alijivunia bawaba na kasha lake. Alipoipata na kuitumia, alijikuta anasahau kasha lote na kuzama katika yale yaliyokuwa yakitendeka nyuma ya kioo. Akatambua kwamba sehemu kubwa ya kazi ilikuwa huko, na kwamba wabunifu wa umbo na uzuri hawakuwa wamealikwa. Yeye na mwenzake Bill Verplank wakaanza kuiita kazi hiyo ubunifu wa mwingiliano.

Jijini London, Gillian Crampton Smith alianzisha fani hiyo katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mnamo 1990. Uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko ulivyoonekana. Kwa mara ya kwanza wanafunzi waliozoea kufinyanga, kuchora na kuchonga waliambiwa kompyuta ni malighafi yao, na kwamba hawalazimiki kugeuka wahandisi ili wawe na neno juu yake.

Miaka miwili baadaye mmoja wa wanafunzi hao, Durrell Bishop, alibuni mashine ya kupokea ujumbe wa simu ambayo hadi leo hutajwa darasani. Mtu akikupigia asikupate, akaacha ujumbe, gololi moja inatoka kwenye mashine na kujipanga ukingoni. Gololi tatu, jumbe tatu. Unaziona kwa jicho ukiingia mlangoni. Ukiitia gololi katika kishimo chake, ujumbe unasikika. Ukiiweka juu ya simu, simu inampigia aliyeuacha. Ujumbe si wako bali ni wa mwenzako wa nyumbani? Chukua gololi uiweke kwenye kibakuli chake. Umemalizana nao? Irudishe ndani ya mashine. Hakuna kitabu cha maelekezo wala menyu. Kitu kisichoshikika kimepewa mwili, na mwili huo mkono wa mtoto unaujua.

Mashine ya Bishop haikuuzwa dukani hata siku moja, na bado imezaa kuliko bidhaa nyingi zilizouzwa. Hiroshi Ishii wa chuo cha MIT, alipoandika pamoja na Brygg Ullmer mwaka 1997 kuhusu kompyuta za kushikika, aliitaja kama chemchemi ya mawazo yake. Kabla ya hapo, katika maabara ya Xerox palepale California, msanii Natalie Jeremijenko alitundika waya wa plastiki wenye urefu wa takriban mita 2.4 kutoka kwenye mota ndogo darini. Mota iliunganishwa na kebo ya mtandao wa ofisi. Mtandao ukiwa kimya, waya ulitikisika kidogo. Ukiwa na shughuli nyingi, ulizunguka kwa kasi na kuvuma. Wafanyakazi walijua hali ya mtandao bila kutazama namba yoyote, kwa sikio na kwa pembe ya jicho. Mark Weiser, bingwa wa maabara hiyo, aliusifia mwaka 1995 kama mfano wa teknolojia iliyotulia.

Kufikia hapo ubunifu ulikuwa umerudishiwa mikono. Jambo kubwa zaidi lilikuwa bado: kumfikia mtu asiyefanana na mbunifu.

Aliyelibeba alikuwa William Gaver, Mmarekani, mwanasaikolojia aliyesomea San Diego kwa Donald Norman. Mwaka 1989 alieleza programu aliyoitengeneza kwa kompyuta za Apple, iitwayo SonicFinder, ambayo iliyapa matendo ya skrini sauti za dunia. Faili lililogongwa lililia kama mbao, programu ililia kama chuma, na kitu kikubwa kilitoa sauti nzito kuliko kidogo. Alikuwa mwanasayansi wa maabara aliyekuwa akisogea taratibu kuelekea sanaa. Alipojiunga na Chuo cha Kifalme cha Sanaa alikutana na Anthony Dunne, mbunifu aliyekuwa akipinga wazo kwamba kifaa cha umeme kazi yake ni kurahisisha tu. Wote wawili wakaingia katika mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, uitwao Presence, kati ya 1997 na 1999. Swali la mradi: teknolojia inawezaje kuwafanya wazee waonekane zaidi katika jamii wanamoishi?

Sehemu tatu zilichaguliwa. Ya kwanza, Majorstua, mtaa wa Oslo. Ya pili, Peccioli, mji mdogo wa Toscana karibu na Pisa. Ya tatu, Bijlmer, kando ya Amsterdam, nayo inahitaji maelezo. Bijlmer ilijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 kama mji wa kesho, magorofa marefu yaliyopangwa kwa umbo la sega la nyuki, na kati yake bustani. Waliotarajiwa kuhamia hawakuja kwa wingi uliotazamiwa. Baada ya Suriname kupata uhuru mwaka 1975, wahamiaji wengi kutoka huko walipata makazi hapo, na jina la mtaa likaanza kuchafuliwa na watu wasiokaa humo. Tarehe 4 Oktoba 1992 ndege ya mizigo ya El Al iliangukia magorofa mawili na kuua watu 43. Mtafiti anayekwenda kwa wazee wa mahali kama hapo na dodoso la kurasa kumi anakwenda kuongeza fedheha.

Dodoso ndilo Gaver na Dunne walilolikataa. Waliona hatari tatu: umbali wa kijiografia na wa lugha kati ya London na sehemu hizo, umbali wa umri, na ule mbaya zaidi, umbali wa hadhi, ambapo mtaalamu anafika na mzee anageuka kuwa mgonjwa wa kupimwa. Pamoja na Elena Pacenti wa Domus Academy ya Milano, waliandaa bahasha za plastiki za bluu inayopenyeza mwanga. Katika mkutano na wazee, mratibu wa mahali alipokuwa akiwatambulisha, Gaver alizidi kuingiwa na wasiwasi. Kisha akazitoa bahasha, akazigawa kama zawadi.

Ndani mlikuwa na mambo ya kushangaza. Postikadi zilizokwisha kulipiwa stempu, picha upande mmoja na swali upande wa pili: ushauri gani umekufaa maishani? Sanaa ina nafasi gani kwako? Ni kitu gani hukipendi hapa Peccioli? Ramani kadhaa zenye vibandiko: weka alama unapokwenda kukutana na watu, unapokwenda kuwa peke yako, unapokwenda kuota ndoto za mchana, na mahali unapotamani kwenda lakini huwezi. Mojawapo iliwataka wazee wawaze kwamba Peccioli ni New York, na ikawapa vibandiko vya kuipamba kuanzia Sanamu ya Uhuru hadi watu wanaojidunga dawa za kulevya. Mlikuwa pia na kamera ya kutumia mara moja, iliyovuliwa kava la kiwandani na kuvikwa jingine lenye orodha ya picha za kupiga: nyumba yako, nguo utakazovaa leo, mtu wa kwanza kumwona, kitu cha kutamanika, kitu cha kuchosha. Albamu ndogo iliomba picha sita hadi kumi zisimulie maisha ya mwenyewe, na shajara iliuliza juu ya redio, televisheni na simu.

Uzuri wa vitu hivyo haukuwa pambo. Karatasi zilichaguliwa kwa mguso wake. Maumbo yalibuniwa yasiwe ya kitoto, maana wazee huona upesi wanapofanywa watoto, wala yasiwe ya kiofisi, maana ofisi humfanya mtu atafute jibu sahihi. Kifurushi kilichotengenezwa kwa uangalifu kilimwambia mzee kwamba aliyekituma amejitahidi, na jitihada huita jitihada. Ni adabu ambayo kila jamii inaifahamu kwa njia yake. Wazee walianza kufungua nyuzi za bahasha kabla ya maelezo kwisha, wakawaonyesha jirani zao, wakacheka. Kila kitu kilirudi London kwa posta, kimoja kimoja, na baadhi ya maswali hayakujibiwa kabisa, jambo ambalo nalo lilikuwa jibu.

Chimbuko la mbinu hizi lilikuwa mbali na kompyuta. Mwaka 1957 Guy Debord na wenzake wa Paris walichapisha ramani ya jiji hilo iliyokatwa vipande na kuunganishwa kwa mishale myekundu, ikifuata hisia za mtembeaji badala ya barabara. Gaver na Dunne walilitaja kundi hilo waziwazi. Walikuwa wakikusanya cheche za mawazo. Hawakujifanya kwamba majibu hayo ni takwimu, wala hawakuyachambua kwa asilimia. Walipoeleza njia yao katika jarida la *interactions*, toleo la Januari na Februari 1999, walikiri wazi kwamba hawatafuti picha isiyo na upande ya wazee, bali mazungumzo nao.

Na mapendekezo yakatoka tofauti kwa kila mahali, kitu ambacho dodoso moja lisingekizaa. Kwa Bijlmer walipendekeza maonyesho ya mtaani ambayo yangebeba kauli za wakazi wenyewe juu ya mtaa wao, yakiwamo mabenchi yenye maandishi, ili sifa ya mahali isimuliwe na wanaokaa pale. Kwa Oslo, wazee wangeanzisha mjadala wa jiji zima kutoka maktaba, maswali yao yakitokea kwenye tramu na mikahawani, na wapita njia wakijibu. Kwa Peccioli walipendekeza redio: mawimbi ya kuwaunganisha wazee na ya kuwawezesha kuisikiliza nchi inayowazunguka, mashamba na vilima. Mzee hakupewa kengele ya kuita daktari. Alipewa sauti ya mji.

Kilichofuata ni kisa cha mafanikio yaliyopotoka. Vifurushi vilienea vyuoni na kwenye makampuni kote Ulaya na Marekani. Wengi walichukua bahasha na kuuacha moyo wake. Wakaweka ndani maswali ya kawaida ya soko, wakakusanya majibu, wakayahesabu, wakayafunga katika taarifa yenye jedwali. Mwaka 2004 Gaver na wenzake waliandika makala ya kulalamika kwamba thamani ya vifurushi imo katika kutokuwa na hakika: jibu lenye utata linamlazimisha mbunifu afasiri, akosee, awaze tena, na hivyo amwone mtu wa mbele yake kama mtu. Naliunga mkono lalamiko hilo kwa nguvu zote. Kamera ya rangi nzuri inayouliza swali baya ni dodoso tu lililovaa nguo mpya.

Gaver na wenzake wenyewe walikuwa wameendelea mbele. Katika mradi wa Uingereza ulioitwa Equator, walizipelekea familia za London vifurushi vingine. Kimojawapo kilikuwa kinasa sauti ambacho mtu akiamka hupata sekunde chache tu za kusimulia ndoto yake kabla hakijajizima. Kingine kilikuwa glasi ya kawaida ya maji, ya kuwekwa ukutani ili kusikiliza sauti za nyumba, na kalamu ya kuandikia yaliyosikika juu ya glasi yenyewe. Kutokana na kazi hiyo ikazaliwa, mnamo 2004, meza ya sebuleni yenye kidirisha kidogo cha mviringo katikati. Ukichungulia, unaona ardhi ya Uingereza kutoka angani, ikipita polepole. Vitambuzi vya uzito vilivyofichwa mezani huamua mwelekeo: ukiweka vitabu upande mmoja, safari inaelekea huko, ukizidisha uzito, unashuka karibu na ardhi na mwendo unaongezeka. Kuufikia mji mwingine huchukua saa nyingi. Haina kazi. Haikuambii jina la kijiji unachokipita. Iliachwa katika nyumba ya watu kwa wiki kadhaa, na watu waliisafirisha kwa subira kuelekea mahali wanapopajua, wakabishana wako wapi, wakatoa ramani za karatasi. Gaver alikuwa ameisoma kazi ya Johan Huizinga, mwanahistoria wa Uholanzi, aliyedai mwaka 1938 kwamba mchezo ni mama wa utamaduni, na meza hii ilikuwa njia yake ya kukubaliana naye.

Dunne naye, akishirikiana na Fiona Raby, alichukua barabara kali zaidi. Mwaka 2001 wawili hao waliwaazima watu wa London samani za ajabu wakaishi nazo. Mojawapo ilikuwa meza iliyotobolewa na kuwekwa dira ndogo nyingi, ambazo sindano zake zilitikisika kompyuta ilipowekwa juu. Meza haikumlinda mtu na chochote. Ilimwonyesha tu kwamba chumba chake kimejaa mawimbi, halafu ikamwacha aongee.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika mkondo huu ni ile ya York, kaskazini mwa Uingereza. Gaver, ambaye wakati huo kikundi chake kilikuwa kimehamia Goldsmiths, Chuo Kikuu cha London, alifanya kazi na watawa wa Waklara, wanawake wanaoishi ndani ya kuta za monasteri na kuombea dunia wasiyotoka kuiona. Tatizo lao lilikuwa la kweli na zito: utamwombeaje mtu usiyejua kilichompata? Kuwaletea kompyuta yenye intaneti yote kungevunja ukimya walioapa kuutunza. Kikundi kilitengeneza kifaa kidogo cha umbo la herufi T, ambacho juu yake maandishi hupita taratibu: vichwa vya habari kutoka duniani, na hisia za watu wasiojulikana zilizookotwa mtandaoni, mmoja akisema amechoka, mwingine kwamba ana furaha. Maandishi yamewekwa sehemu ya juu, ili yasomwe tu na aliyesogea karibu. Anayepita mbali hasumbuliwi. Masista walikipa jina, Goldie, na wakakitumia katika sala zao. Maelezo yake yalichapishwa mwaka 2010, na mwaka uliofuata kikaonyeshwa katika jumba la sanaa za kisasa la MoMA, New York.

Hapo ndipo vipimo vya sekunde vilipofikia mpaka wao. Hakuna kasi inayopimika katika sala, wala kosa la kuhesabu. Waliobuni Goldie ilibidi wajue kitu kuhusu ukimya, utii, umri na huruma, na walikijua kwa kukaa, kutengeneza, kupeleka, na kukubali kurekebishwa na wanawake wazee waliovaa shela.

Mkondo huu umefika hadi kwetu kwa njia ambayo wengi hawaifahamu. Crampton Smith aliondoka London kwenda kuongoza taasisi mpya ya ubunifu wa mwingiliano mjini Ivrea, Italia, iliyofunguliwa 2001 kwa fedha za Telecom Italia na Olivetti. Taasisi haikudumu, ndani ya miaka michache ilikuwa imefungwa. Lakini walimu na wanafunzi wake, Massimo Banzi akiwa mmojawao, walikuwa wanatafuta ubao rahisi wa elektroniki ambao msanii asiye mhandisi angeweza kuutumia kuwasha taa na kuzungusha mota. Mwaka 2005 wakautoa, wakauita Arduino, na michoro yake wakaiacha wazi kwa yeyote. Ni ubao huohuo unaopatikana leo katika karakana za wanafunzi Nairobi, Dar es Salaam na Kampala.

Vijana wetu wamejifunza kuutumia vizuri kwa vipima unyevu na vifunga mlango. Ninalowaomba ni kwamba waurudishe pia kwenye kazi uliyozaliwa kwa ajili yake. Ninyi mnaobuni programu za hospitali, za vikoba, za mabasi na za shule: kabla ya kuandika mstari wa kwanza wa msimbo, tengenezeni kitu cha kadibodi ambacho bibi wa Tandale au mvuvi wa Lamu ataweza kukikata kwa mkasi bila kuogopa. Mpelekeeni bahasha yenye kamera na maswali yasiyo na jibu sahihi, iliyotengenezwa kwa mkono uliotulia, mkamwachie kwa mwezi mzima. Kisha kaeni na yatakayorudi, pamoja na yale atakayokataa kujibu, msiyageuze asilimia.